Mbuzi wa Wakwe Aliingia Mzima

Aibu yangu ilikuja na miguu minne. Wakwe walikuwa wameketi chini ya turubai nyumbani kwangu Kiwanjani, wameshiba, wanalamba vidole, na yule mbuzi waliyedhani wamemla akaingia mzima, sikio moja jeusi, akaanza kutafuna ncha ya shuka ya Mzee Halake.

Mzee Halake ndiye baba ya kijana aliyetaka kumwoa Kabale, binti yangu. Alitoka Rapsu na watu wake, na asubuhi, kama ilivyo desturi, nilimwonyesha mbuzi wa kuchinjwa, akamshika mgongo, akasema amenona. Kwa hivyo alimjua.

“Guyo, huyu si yule wa asubuhi?”

“Ndiye.”

“Sasa mimi nimekula nani?”

Mwenye kumjibu Mzee Halake swali hilo alikuwa Jillo, mtoto wa dada yangu, msomi wetu wa Nairobi (mimi niliachia darasa la tatu, ndio maana nakula nyama bila mawazo), ambaye siku hizi hagusi nyama, hanywi maziwa, hata asali anasema ni ya nyuki. Asubuhi hiyo alimkumbatia mbuzi akalia. “Mjomba, mnyama si mali ya mtu. Nimebeba soya ya vipande, iko kama nyama. Ukiipika na viungo hakuna atajua.” Nami, nisijifanye mtakatifu, nilimtaka yule dume kwa mbegu yake, nikaona nitabaki na mbuzi na bado niitwe mkarimu, akili nyingi sana hiyo, nikamfunga nyuma ya choo na soya ikaingia kwa pilau. Mzee Halake, ambaye meno yake ni ya kuhesabu, alisifu nyama laini. Wenye meno walinyamaza kwa adabu.

Ingeishia hapo. Lakini Jillo aliona kamba pia ni utumwa, akaenda kumfungua.

“Ni soya,” nikasema. “Ni maharagwe tu.”

Nani aamini? Mborana, mfugaji, awape wakwe maharagwe? Shangazi ya kijana akauliza polepole, “Na yule punda wa maji niliona hapo kwa jirani, ako wapi?”

Punda alikuwa kazini, anabeba maji. Lakini neno lilishatoka, na punda kwetu ni haramu, wazee wa watu wakakimbilia ua kutapika maharagwe. Nikamtafuta Jillo, shahidi wangu. Alikuwa amepanda boda boda, eti roho yake haiwezi kelele.

Wakwe walibeba buni na sukari walizoleta za posa wakarudi Rapsu.

Sasa Jillo, nimeona umeweka picha ya mbuzi kwa simu, umeandika ako huru. Kweli ako huru, anakula nguo za watu Kiwanjani nzima. Kabale ndiye amefungwa, hatoki nje, wasichana wakimwona wanalia kama punda. Pole yako sitaki, na soya haitaingia tena kwa sufuria yangu. Ibebe uende nayo Rapsu, uipike mbele ya Mzee Halake, uile yeye akikutazama. Aliuliza amekula nani. Nenda umjibu.