Siku Nilipokuwa Mama wa Kambo

Sisi tuliokulia mji wa Baraka, kando ya ziwa kule Fizi, miaka ya vita, watoto wetu wakituuliza utoto wetu ulikuwaje, tunaanza kuwahesabia mabaya. Na yalikuwepo. Tulikimbia mara nyingi hadi mama akaacha kulifungua furushi la nguo; alichomoa tu gauni moja pembeni na kulirudisha jioni. Lakini mimi nikiulizwa, kwanza nacheka, kwa maana naikumbuka Jumapili moja nilipokuwa mwanamke mbaya kuliko wote Fizi nzima, na watu wakanipigia vigelegele.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulicheza nzango uwanjani, wasichana mistari miwili, tukirushiana miguu hadi vumbi linatufika magotini. Upepo wa ziwa ulituletea harufu ya ndakala, dagaa wa kwetu, zilizoanikwa mchangani, na tukirudi nyumbani tulikuta bugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo yaliyotiwa mawese, vidole vinabaki vyekundu hadi kesho yake. Siku ambazo hakukuwa na kitu, mama alituambia, "Muchekeke, batoto. Njaa inaogopa muntu mwenye anacheka." Tulicheka. Njaa haikuogopa sana, lakini tulicheka.

Shule ilifunguliwa na kufungwa kufuata risasi. Mwalimu wetu wa mwaka wa tano, Madamu Feza, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele, alikuwa amebakiwa na kitabu kimoja tu cha Kifaransa. Vingine askari walivichoma kupikia. Ndani yake mlikuwa na hadithi ile ya Ulaya ambayo kila mtu anaijua: binti yatima, mama wa kambo anayemtesa, sherehe ya mfalme, na kiatu kinachopotea. Siku moja akakifunga kitabu na kusema, "Bazazi benu bamejifungia mu nyumba kama kuku. Tutabafanyia teatre. Familia nzima ikuje, koko muzee mpaka mutoto ya mugongo."

Tukaanza kuihamisha hadithi kutoka Ulaya kuja Baraka, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Kiatu ya kioo?" akauliza Esta, msichana mrefu kuliko wote darasani. "Atatembea nayo namna gani ku mawe ya huku?"

Kiatu kikawa kandambili ya mpira wa gari. Gari la farasi likawa mtumbwi. Mambo ya uchawi Madamu aliyakataa, kwa kuwa Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu wote wangekuja, na hakutaka kesi. Akaweka koko mmoja, bibi jirani anayemwazima binti kitenge chake cha harusi. Katika kitabu binti alitakiwa kurudi saa sita ya usiku. Tulicheka hadi machozi. Nani Baraka alikuwa nje saa hizo? Tukaandika arudi kabla jua halijashuka nyuma ya mlima, kama sisi sote. Mwana wa mfalme akawa Esta, kwa masharubu ya makaa, maana wavulana wakubwa wazazi walikuwa wamewavusha ziwa wasije wakachukuliwa kwenda kubeba bunduki.

Mimi nilitaka kuwa binti yatima. Nilikuwa na sauti, na nilijua kulia kwa kutaka. Madamu akampa Riziki.

Riziki alikuja na shangazi yake kutoka Kilembwe, kwa miguu, wakiwa wawili tu waliobaki wa nyumba yao. Tangu afike hakuwa akisema zaidi ya "ndiyo" na "apana". Kwenye mazoezi sauti yake haikuvuka hata safu ya kwanza. Nilikasirika, nikaenda kwa Madamu. "Huyu haongee! Bantu batasikia nini?"

Akanitazama. "We utakuwa mama wa kambo. Na kama hasikiki, kosa itakuwa yako, juu hujamuchokoza vizuri."

Basi nikajifunza kuchokoza. Nilimkatisha, nilimbeza, nilinyang'anya hata muhogo wake wa mchezo. Sauti ikabaki palepale.

Jumapili yenyewe, baada ya misa, watu walijaa ukumbi wa parokia ambao mabati yake nusu yalikuwa yameng'olewa. Sijawahi kuona bamama wengi vile mahali pamoja bila msiba. Mama yangu alikaa mbele, mikono kifuani. Tangu baba aende machimbo ya Misisi asirudi, hakuwa amekwenda popote zaidi ya shamba na kanisa.

Hatujafika katikati, mlango ukafunguliwa. Akaingia komanda wa askari waliokaa kilimani, na watu wake sita wenye silaha. Watoto wakavutwa mapajani.

"Nani alitoa ruhusa ya kukusanya bantu?"

Madamu Feza akamwendea. Alimfika kifuani. "Mukubwa, ni muchezo ya batoto. Ikala uangalie. Ila bunduki zibakie inje, batoto banaogopa."

Yule komanda akatazama nyuso zote zile, akawapa askari wake ishara kwa kichwa, silaha zikaegemezwa nje na mmoja akabaki kuzilinda. Wengine wakaketi. Na zamu ya kusema ikawa yangu.

Hapa inabidi nieleze. Askari wale walikuwa wakila mbuzi za watu bila kuuliza, na sisi watoto tulikuwa tumelitia jambo hilo katika maneno ya mama wa kambo, tukidhani hawatakuwepo. Nilimwona Madamu akinifanyia ishara ya kuruka maneno hayo. Lakini nilikuwa nimeyazoea, nayo yakatoka yenyewe, kwa sauti yangu yote: "Mi nikiona mbuzi ya muntu, ile mbuzi ni yangu!"

Riziki alipaswa kuinamisha kichwa na kufagia. Akauweka ufagio chini. Akanisogelea, akaweka mkono kiunoni, na kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia, sauti iliyofika hadi kwa yule askari wa nje, akasema:

"Mama, apana! Mbuzi iko na mwenyewe!"

Wa kwanza kucheka alikuwa askari mmoja kijana. Akaziba mdomo, akashindwa. Wenzake wakafuata. Komanda akawageukia kwa hasira, akatugeukia sisi, akaona ukumbi mzima umeshaanguka kwa kicheko, naye akacheka kicheko kifupi kama kikohozi. Tukamaliza. Kandambili ikamwenea Riziki, masharubu ya Esta yakayeyuka kwa jasho, na watu wakakataa kuondoka mpaka turudie mambo ya mbuzi mara tatu. Kila mara Riziki alisema kwa nguvu zaidi, na mara ya tatu bamama wote walisema naye.

Sitadanganya: mbuzi hazikurudi, na vita havikuisha. Lakini kuanzia siku ile Riziki aliongea, tena akazidi, hadi Madamu akawa anamfukuza darasani kwa kelele. Na mwezi uliofuata tukaitwa kuucheza mchezo wetu huko kijiji cha Mboko.

Siku hizi wanangu wanaiangalia hadithi hiyohiyo kwenye simu, na kiatu cha kioo kinachong'aa kweli, kila mmoja na waya wake masikioni. Ikiisha, wanauliza chaja iko wapi. Mtoto akifanya vizuri shuleni, sisi wazazi tunamtumia kidole gumba kwenye kikundi cha familia, yeye akiwa chumba cha pili. Jumapili ile mama yangu alinyanyuka mbele ya watu wote, akachuchumaa akasema, "Panda." Akanibeba mgongoni, jitu zima la miaka kumi na mmoja, toka parokia hadi nyumbani, akicheka njia nzima, na watoto wakikimbia nyuma yetu wakipiga kelele, "Mama wa kambo anapita!"

Wanangu wana vidole gumba vingi. Mimi nilibebwa.