Jirani wa Upande wa Ziwa

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, usije ukanikatiza katikati. Haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, bila pombe wala homa. Na mimi si mtu wa kuona mashetani nyuma ya kila kichaka. Zamani mtu akinijia na habari za mianga ya ajabu ziwani, nilikuwa namwambia hizo ni taa za wavuvi, aende akalale. Siku hizi namsikiliza mpaka mwisho.

Kijiji chetu kiko mbele kidogo ya Lundo, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, na nyumba yangu ndiyo ya mwisho kabla ya maji. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Chini yangu palikuwa na nyumba ya Bibi Tekla, yenye bati lililopigwa rangi nyekundu na mlimau mlangoni, na chini ya nyumba yake palikuwa na mchanga mpana wa kuanikia usipa, hawa dagaa wetu wa huku. Halafu ziwa likaanza kupanda. Msimu mmoja likala mchanga, msimu uliofuata likaingia jikoni kwa Bibi Tekla, na mvua zilipokolea ukuta wake wa nyuma ukalala majini. Mwanawe akaja na gari kutoka Mpepai, kule juu milimani, akambeba pamoja na godoro na kuku wake. Ilikuwa siku ya gulio na wengi wetu hatukuwepo. Tuliporudi tukakuta mlango uko wazi, maji yanaingia na kutoka yanavyotaka. Bibi wa watu aliondoka bila kuagwa na mtu.

Nilimzoea sana, nisikufiche. Alikuwa na mdomo mkali kama wangu, na jioni tulikuwa tunaulizana kwa sauti, yeye kule chini na mimi huku juu. "Jirani wa juu, upo?" Nami nikijibu nipo, basi, kila mtu anafunga mlango wake. Mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na watoto walikuwa wameshatawanyika. Alipoondoka Bibi Tekla, sikuwa tena na mtu wa kuniuliza hata hilo.

Umewahi kusonga ugali wa mtu mmoja? Niamini, hauwezekani. Hata upime vipi, unabaki. Wa kwangu nilikuwa nawapa kuku, na kuku wakanenepa kunishinda. Kazi haijawahi kunichosha mimi. Kilichonichosha ni jioni, ile saa ambayo kwenye kila nyumba zinasikika sahani na kelele za watoto, na kwako kinachosikika ni maji tu. Binti yangu Neema, anayeishi Mbinga mjini, alikuwa ananiambia kila akipiga simu: mama uza, uje tukae wote, chumba kipo. Mwishowe nikachoka kubishana naye. Nikamwambia sawa.

Mnunuzi akapatikana upesi, mwenye duka mmoja wa Mbinga, Bwana Sefu, mtu mpole mwenye kofia safi, aliyetaka kujenga vyumba vya wageni wanaopenda kulitazama ziwa. Nikajiambia mtu anayelipia kulitazama ziwa bado hajaonana nalo.

Sasa elewa jambo moja, maana hapo ndipo mambo yote yanapokaa. Kijijini kwetu nyumba haiuzwi kwa kupeana mikono mezani tu. Kuna siku ya kuita mipaka. Balozi wa nyumba kumi anasimama na muuzaji kila upande wa kiwanja, anamwita jirani wa upande ule. Jirani anaitika, "Nipo." Kisha jirani huyo ana haki ya kumuuliza anayeuza, "Unaondoka kwa amani?" Nawe ukijibu, "Naondoka kwa amani," basi hakuna kinyongo kati yenu, na mwenye kununua anaweza kulala usingizi. Usipojibu hivyo, hakuna biashara. Neno lililosemwa mpakani halirudishwi.

Jioni ya kuamkia siku hiyo nilikuwa jikoni nafunga masufuria kwenye gunia. Jua lilikuwa bado halijazama vizuri. Nikaona kunakuwa giza, nikatoka kutazama, kumbe ni wale wadudu wa ziwani, wadogo kuliko mbu, wanaopanda juu ya maji kama moshi wa shamba linaloungua. Safari hii upepo uliwaleta kwetu. Waliingia machoni na puani, wakajaa kwenye sahani na kwenye kibatari mpaka mwanga ukawa kama umefunikwa kitambaa. Nikajifunga khanga usoni nikakaa, nikingoja wapite.

Bibi Tekla akaingia kwa mlango wa nyuma, ule unaotazama ziwa. Hakupiga hodi, lakini kwangu hajawahi kupiga. Ubaridi uliponiingia moyoni nitakuambia baadaye. Wakati ule nilifurahi, nakuapia, nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Nikafikiri mwanawe kamleta kwa ajili ya shughuli ya kesho.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Hakuitikia marahaba. Alikaa kwenye kigoda, akanitazama ninavyofungasha.

"Kesho mnaita mipaka," alisema. "Na mimi nitaitwa?"

Nikacheka kidogo, nikamkaribisha chakula, maana ugali kama kawaida ulikuwa umebaki. Hakuugusa. Nikamuuliza habari za Mpepai, naye akanisimulia taratibu, bila kumlaumu mtu. Mwanawe ana nyumba nzuri ya matofali ya kuchoma. Alimnunulia blanketi zito, na asubuhi kuna chai ya maziwa. Watu wanatoka mapema kwenda shambani na shuleni, wanarudi wamechoka, wanaongea na simu zao. Bibi kula, bibi lala, bibi usikae kwenye baridi. Dirishani kuna ukungu tu. Jina la Tekla, alisema, hajalisikia likitamkwa tangu apande gari.

"Nina kila kitu, jirani," akasema. "Sina mtu wa kuniuliza kama nipo."

Akaendelea, kwamba yeye aliondoka bila kuulizwa kama anaondoka kwa amani, maana maji hayaulizi. Kisha akarudia swali lake, kama kesho na yeye ataitwa.

"Tutakuita, bibi," nikamwambia.

Wewe ungesemaje? Kwetu mzee hanyimwi neno. Hata akiomba jambo lisilowezekana, unaitikia kwanza kwa heshima, halafu unatafuta namna ya kuomba radhi. Nilimwitikia kwa adabu tu, kama tulivyolelewa, wala sikufikiri kwamba nimefunga ahadi.

Akasimama, akatoka kwa mlango uleule. Nikachukua kibatari nimulikie asijikwae, na nilipofika mlangoni sikuona mtu. Nje ya mlango ule kuna hatua chache za majani, halafu ni ziwa. Nikajiambia amepinda kushika njia ya pembeni. Nikarudi ndani kufagia wadudu. Walikuwa kila mahali, kwenye masufuria, kwenye gunia, kwenye nywele zangu. Kigoda alichokalia Bibi Tekla kilikuwa hakina hata mmoja, na kilikuwa kimelowa. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba muda wote alipokuwa mbele yangu sikumwona mdudu hata mmoja kwenye khanga yake. Nikafunga mlango kwa komeo, nikavuta blanketi mpaka kichwani, mtu mzima mimi.

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia, na kwenye mwanga ule nikajiona mjinga. Bwana Sefu alifika, balozi akafika, na majirani wawili, Mama Sabina wa upande wa juu na mzee wa kanisa, kwa sababu uwanja wa kanisa letu la Anglikana unapakana na mimi. Upande mwingine ni njia ya wote. Balozi akamwita Mama Sabina. Akaitika, akaniuliza kama naondoka kwa amani, nikajibu naondoka kwa amani. Sauti yake ilikuwa na machozi, na mimi nikajikaza. Mzee wa kanisa naye vilevile. Tukashuka upande wa chini. Balozi akaangalia maji, akasema huku ni ziwa, tumemaliza.

Nikamwambia hapana, Bibi Tekla yupo, alikuja kwangu jana jioni na nimemwahidi ataitwa.

Balozi akanigeukia. Akavua kofia yake.

"Mama," akasema, "Bibi Tekla amezikwa Mpepai juzi. Mwanawe alinipigia simu. Niliona nikuambie tukishamaliza shughuli, nisikuharibie siku."

Mama Sabina akaanza kulia hapohapo. Bwana Sefu akasema innalillahi. Na mimi nikaona jambo moja waziwazi: kama hatukumwita, atakuwa ameachwa mara mbili. Nikamwomba balozi aite. Akakataa, akasema marehemu haitwi mpakani. Basi nikaita mwenyewe.

"Jirani wa chini, Bibi Tekla, upo?"

Mlimau wake ulikuwa umekufa lakini ulikuwa bado umesimama, matawi makavu yakitokeza juu ya maji mahali palipokuwa mlango wake. Sauti ilitoka pale. Haikuwa ya kuogofya. Ilikuwa ileile ya jioni zetu zote, yenye ukali kidogo, ya mtu aliyengoja muda mrefu kuliko alivyotarajia.

"Nipo," ikasema. "Na wewe, unaondoka kwa amani?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, nilikuwa nimeshalitoa mara mbili asubuhi ileile. Nikakifikiria chumba cha kwa Neema, kizuri, chenye vigae, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Nikamfikiria Neema anavyotoka alfajiri na kurudi usiku. Mama kula, mama lala. Nikajua kwamba nikisema naondoka kwa amani, nitakuwa nimesema uongo mpakani, na mtu wa kuusikia uongo huo amesimama mbele yangu, ingawa simwoni.

"Siondoki," nikasema. "Nipo."

Na biashara ikafia hapo. Bwana Sefu hakubishana. Alipokuwa anaingia kwenye gari lake aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hata angepewa nyumba ile bure asingeichukua, na akaniombea heri. Balozi mpaka leo anashikilia kwamba alisikia ndege. Sawa, na awe ndege. Lakini jioni hapiti tena kwangu, anazunguka njia ya juu hata mvua ikinyesha. Mama Sabina hajawahi kulizungumza. Anachofanya, anaacha taa yake ya nje ikiwaka, na mimi najua ni kwa ajili yangu.

Neema alikasirika mno. Aliteremka kutoka Mbinga, akalia barazani, akasema nimechagua kuta za nyumba kuliko yeye. Ningemwambia nini? Kweli ni kwamba nilijaribu kwenda. Krismasi nilifunga begi, nikafika mpaka stendi ya Mbamba Bay, jua linawaka, vumbi tupu. Nikaona watu wananitazama miguuni. Gauni langu lilikuwa linachuruzika maji kuanzia magotini, na chini yangu palikuwa na dimbwi. Kondakta akaniuliza kwa heshima kama naumwa. Nikageuza, nikarudi nyumbani. Nilipofika mlangoni gauni lilikuwa limekauka.

Jioni ananiita. Si kila jioni kuna wadudu, lakini kila jioni kuna sauti. "Jirani wa juu, upo?" Naitika nipo, nafunga mlango. Na mwaka huu maji yamefika kwenye kizingiti cha jikoni. Asubuhi nakikuta kimelowa, na natumia kitambaa kukipangusa kama vile ni uji uliomwagika. Mpaka leo sijui kama alikuja kunionya au kunishika. Nisingependa kumfikiria vibaya, alikuwa jirani mwema.

Sasa na wewe nikuonye. Ukitaka kuuza nyumba kijijini, kwanza ulizia aliyeondoka bila kuagwa yuko wapi, umuage angali hai. Usimwitikie mzee jambo kwa adabu tu, kama huna nia ya kulitimiza. Na kama una mama au bibi uliyemchukua ukampa blanketi zito na chumba kizuri, basi leo kabla hujalala mwite kwa jina lake, usubiri mpaka aitike. Usidhani chai ya maziwa inatosha. Mimi nina binti, na simu yangu iko hapa mezani, ina chaji. Lakini anayeniita kila jioni ni Bibi Tekla, na mimi naitika.