Kijana Anayesomea Watu

Juzi, kwenye foleni ya ofisi ya serikali hapa Ifakara, mzee mmoja alitutambia kwamba mwanawe, aliyekuja likizo kutoka chuo kikuu huko Uganda, anasomea udaktari. Kijana aliinamisha macho.

Mbele yetu bibi mmoja alikuwa akiombea kijiji chake kisima. Karani hakuinua hata kichwa.

"Nilifika mwenyewe. Nyumba zote zimefungwa, watu wamehama. Kisima cha nani?"

Bibi alipofungua mdomo, karani akamwonyesha mlango kwa kalamu. Kijana akasogea.

"Shikamoo, bwana karani. Ulifika mwezi gani?"

"Wa tano."

"Mwezi wa tano watu wote wako mashambani, wanalala madunguni kulinda mpunga usiliwe na ndege. Hata kuku huhamia huko."

Karani akaufuta taratibu mstari aliokuwa ameandika kwenye ombi la bibi.

Bibi akamgeukia mzee. "Huyu ndiye daktari wako?"

Mzee akajikohoza. "Hapana, mama. Anasoma elimu ya jamii. Anasomea watu, jinsi wanavyoishi."

Hata mimi nimewahi kuuliza elimu hiyo itampeleka mtu wapi. Bibi hakuuliza.

"Basi aanze na hawa wa nyuma ya meza."