Mguu Nilioukanda

Viatu vile vya kutelezea barafuni nilivinunua vikubwa makusudi. Nilivipata kwenye duka la mitumba, vyeupe, vyuma vyake bado vina makali, na binti yangu alipovijaribu kisigino kilicheza ndani. Nikamwambia atavaa soksi tatu. Kwetu mtoto hanunuliwi kiatu cha kumtosha, ananunuliwa cha kukulia, akivae mwaka huu na mwaka ujao. Ningejuaje kwamba kuna kiatu kinachotakiwa kubana kifundo hadi mtoto alalamike? Mama mmoja pale kwenye uwanja wa barafu aliniambia, kwa adabu kabisa, kwamba viatu vile vimelegea. Nikamshukuru kwa mdomo, moyoni nikamwambia ashughulike na wa kwake.

Ilikuwa Jumamosi, katikati ya miaka ya 2000, binti yangu ana miaka tisa. Alizunguka mara mbili na kofia yake ngumu kichwani, akinipungia mkono. Mara ya tatu mguu ulipinda ndani ya kiatu, akauangukia. Nilimbeba mgongoni hadi kituo cha basi, na kutoka kwenye basi hadi jengoni kwetu, ghorofa ya kumi na moja.

Sikumpeleka hospitali. Niseme kwa nini, maana haukuwa ujinga mtupu. Baba yake aliendesha malori ya safari ndefu na wiki ile alikuwa mbali, upande wa magharibi wa nchi. Nilikuwa peke yangu na hofu yangu. Sisi wanawake tuliosafisha maofisi pamoja tulikuwa na hadithi moja tuliyosimuliana kwenye simu: katika nchi hii ya ugenini ukimpeleka hospitali mtoto mwenye alama mwilini wanakuhoji, na ukijikanyaga kwenye maneno watu wa serikali wanamchukua. Kila mmoja wetu alimjua mtu aliyemjua mtu yaliyomkuta. Mimi nilikuwa hodari wa kuisimulia, sauti juu, nikikaanga vitunguu, mtoto yuko mezani anafanya hesabu zake. Nilidhani hayamwingii. Nikimsemesha Kiswahili alinijibu Kiingereza.

Basi nikafanya nilichokijua. Bibi yangu alikuwa mchuaji, wacheza mpira wa mtaa mzima waliletwa kwake wakichechemea. Nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikachovya taulo na kumkanda. Kisha nikapaka mafuta ya nazi na kuchua kwa vidole gumba, kutoka kwenye ugoko kushuka chini, kama nilivyomwona bibi akifanya. Mtoto alilia. Nikakumbuka mchelea mwana kulia hulia yeye, nikabonyeza zaidi.

Jumapili mguu ulikuwa umevimba hadi kifundo hakionekani. Theluji ilianguka tangu asubuhi. Madirisha yetu yalifunguka upana wa kiganja tu, na joto la mabomba ya jengo hatukuwa na pa kulipunguzia, kwa hiyo tulikaa mle ndani tukitoka jasho huku nje kila kitu kimeganda. Nilikuwa nimenaswa na nilijua nimenaswa. Kila nilipomchua mguu ulizidi kuharibika, na kila ulipoharibika nilizidi kuogopa kuuonyesha kwa mtu. Nikamkanda tena mchana, na tena jioni. Mara ya mwisho hakulia. Aliuma kona ya mto akaniangalia tu.

Jumatatu asubuhi aliposhindwa hata kuugusisha sakafuni, niliita teksi itupeleke hospitali.

Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno. Alifunua mguu, akatazama juu ya uvimbe, pale kwenye ugoko, akaziona alama mbili za bluu, kila moja ukubwa wa kidole gumba. Mimi mwenyewe sikuwa nimeziona. Akaniomba nisubiri nje kidogo azungumze na mtoto.

Nilisimama kwenye korido nimeshika majaketi mawili. Niliwaza kukimbia naye, nikacheka kwa uchungu: nikimbie wapi, na mtoto asiyeweza kukanyaga, kwenye theluji ile? Waliponirudisha ndani daktari alikuwa amekwisha kuona picha ya eksirei. Mfupa ulikuwa na ufa karibu na kifundo, mahali ambapo mfupa wa mtoto bado unakua, na kipande kilikuwa kimesogea kidogo. Alitaka kujua kama kuna kitu kilichoubonyeza au kuuvuta mguu baada ya ile ajali. Binti yangu alisema hapana. Alianguka mara mbili, alisema, na mara ya pili aligonga ukingo wa uwanja. Alisema bila kupepesa macho. Hakunitazama.

Uongo ule ulinichoma. Mlango wa kutokea nilikuwa nimefunguliwa na mtoto wa miaka tisa, nami nilitamani kuupitia, nasema kweli. Lakini daktari alikuwa anaandika.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimkanda. Kwa maji ya moto."

Nesi aliniambia nionyeshe nilivyofanya. Nikachua hewani mbele yao. Aliuliza mara ngapi, nikamwambia. Akaandika, kisha akanieleza kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: siku mbili za mwanzo ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika chache chache, mguu uinuliwe juu ya mito, usichuliwe, na asiyeweza kukanyaga aletwe siku hiyo hiyo. Hakuna aliyekuja kumchukua mtu. Wakaurudisha mfupa mahali pake, wakamfunga plasta ngumu.

Tulipobaki wawili nilitaka kumvika soksi kwenye vidole vilivyochomoza, nikafungua begi la shule alilokuja nalo. Hamkuwa na daftari. Mlikuwa na nguo yake ya kulalia, mswaki, na kanga yangu ninayojifunga nyumbani.

"Ya nini hii?"

"Kama wangenichukua," alisema, "nijifunike."

Nikamuuliza alivipanga saa ngapi, maana asubuhi ile tulitoka mbiombio.

"Jana," alisema, "ulipokwenda kuchemsha maji mara ya pili."