Jina la Nafula ubaoni

Ijumaa.
Dada Khasandi na marafiki,

Leo nimeona jina la mwanangu ubaoni.

Nilienda shuleni Navakholo kuchukua vitabu vya Nafula. Tulimzika Jumamosi iliyopita.

Pembeni mwa ubao bado imeandikwa: WAPIGA KELELE. Nafula, mara tatu.
(Hata mimi nilimwambia anyamaze kila jioni. Mungu wangu.)

Mwalimu akashika kifutio. Kiranja, msichana mdogo, akalia: "Mwalimu, usifute! Mimi ndiye niliyemwandika."

Nikamwambia mwalimu, "Liache." Kisha nikamwambia msichana, "Hukukosea, mama."

Hakuna aliyesema pole. Darasa zima likanyamaza nami. Trekta la miwa likapita nje, hakuna aliyegeuka.

Kimya hicho kimenishika mkono kuliko hotuba zote za mazishi.

Mkisali Jumapili, mnikumbuke.