Nilimlazimisha Binti Yangu Afute Neno Samahani

Assalaam aleikum, wasomaji. Jina langu nimeomba lifichwe, maana Mji wa Kale ni mdogo na midomo ni mingi. Nina miaka arobaini na tisa, ni mjane, nimesoma hadi darasa la saba basi. Lakini nimezaa binti ambaye hapa mtaani Bondeni hana mfano, na anayebisha alete wake tuwapime. Ana miaka ishirini na mbili na anatengeneza tovuti, zile ambazo mtu wa Ulaya huzifungua kwa kompyuta yake akakuona wewe uliye Mombasa. Nimemlea kwa kuuza mahamri, na mahamri yangu pia hayana mfano.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ana nyumba ya wageni kwenye barabara ya Ndia Kuu, vyumba sita. Binti yangu alimtengenezea tovuti yenye fomu: mgeni anajaza jina na siku ya kuja, anabonyeza, ombi linafika. Kinachoiendesha fomu ni skripti, maagizo ambayo kompyuta huyafuata mstari kwa mstari. Na skripti hukwama, hasa kompyuta ya mgeni ikiwa ya zamani. Mwanangu alilijua hilo mapema, akaweka maneno ya kutokea ikikwama: "Samahani, pametokea kosa. Si lako, ni letu. Ombi lako halijatufikia. Tafadhali tupigie simu."

Alasiri moja nikawapeleka wanawake wenzangu kwenye duka la kompyuta wakaone kazi ya mwanangu. Wifi naye akaja. Mwenye duka akajaza fomu, akabonyeza, na mbele ya macho yao yakatokea maneno yale ya samahani. Wifi akacheka mpaka buibui likamteleza. "Ala, kumbe mwanao huko chuoni alisomeshwa kuomba radhi? Hata mpishi wangu ajua hiyo, na hana cheti."

Nilirudi nyumbani. Nikamwambia mwanangu, "Yatoe hayo maneno. Sisi aibu yetu twaisitiri, hatuibandiki mlangoni."

"Mama, nikiyatoa mgeni atajuaje kama amekwama?"

"Ikikwama iseme asante, ombi limepokelewa. Mtu aende zake na furaha yake."

"Huo ni uwongo, mama."

Nikamwambia asipofanya asiguse chakula changu. Siku tatu alikula mkate mkavu. Ya nne akabadilisha. Wifi alipoiona asante akasema, "Sasa imepona."

Mwezi uliopita akaja kwa wifi mzee kutoka Uingereza, mzaliwa wa mtaa huu huu, anatembea kwa mkongojo, bintiye amemshika mkono. Wana karatasi waliyoichapa: asante, ombi lako limepokelewa. Wapi. Skripti ilikwama, ombi halikumfikia wifi, na vyumba vyote sita vina watu. Mzee alikaa barazani na mabegi yake, jua la mchana linampiga, wapita njia wanamtazama. Tangu hapo kila penye wanawake wawili wifi husema, "Mtoto yule mwongo, na uwongo ameurithi kwa mamake." Naye hajui alivyopatia.

Jamaa wakamweka mwanangu kitako, wifi akiwapo, wakamuuliza nani alimwambia aandike vile. Akaniangalia mara moja tu, akasema, "Ni mimi, shangazi. Nisamehe." Nikanyamaza. Mimi ninayejulikana kwa mdomo, nikanyamaza.

Sasa afisi moja upande wa Makupa yataka kumwajiri. Mwezi ujao meneja atakuja kumuuliza wifi, kwa kuwa ndiye aliyefanyiwa kazi, tabia ya mwanangu, na wifi ameapa atamwambia huyu ni mwongo. Nikisema ukweli mwanangu atasafika, lakini yule mwanamke atanicheka mpaka nizikwe. Simpendi, na msinishauri nimpende.

Jana nilimuuliza mwanangu kama yale maneno ya kwanza aliyatupa. Akasema, "La, mama. Yako pale pale, nimeyazima tu. Nilingoja siku utakayoyataka." Akanichapia kwenye karatasi, ndiyo hii iko mbele yangu. Nimesimama kwenye kioo nikajaribu kuyasema kama wifi yuko pale: samahani, pametokea kosa, si lake, ni langu. Nafika kwenye samahani, ulimi wagoma.

Nishaurini, nifanye nini, na huo mwezi ndio huo waja. Ila anayetaka kuniambia mwanangu ndiye mwenye kosa, asijisumbue kuandika.