Mikono ya Kapya

Ng'ombe wa machinjio ya Élisabethville, mji wa migodi ya shaba, walifika kwa treni kutoka kusini, wakiwa na njaa, kiu na hasira, na mtu wa kuwalaza chini alikuwa Kapya. Alimshika mnyama pembe kwa mkono mmoja, pua kwa mkono wa pili, akaizungusha shingo, na ng'ombe akaanguka kwa kishindo kilichotikisa mabati. Kisha wengine walikuja na visu. Kapya mwenyewe hakuchinja. Kazi yake ilikuwa kushika, na alishika vizuri kiasi kwamba wenzake hawakupenda kumpa mkono asubuhi.

Hapo ndipo alipoonwa na afisa wa afya, mzungu mwekundu ambaye kambi nzima ya mgodi ilimwita Bwana Firimbi, kwa kuwa hakujua kusema neno bila kupuliza firimbi kwanza. Alikuwa amekuja kukagua nyama. Akamwona dume kubwa likienda chini mikononi mwa mtu mmoja, na nyama akaisahau. Juma lililofuata Kapya aliambiwa awaache ng'ombe, kuanzia sasa atashika watu.

Walimwengu wakasema alikubali kwa sababu ya kaptula mpya na mgao wa unga. Walimwengu hawakumtazama usoni. Uso wa Kapya ulikuwa umejaa mashimo ya ndui, paji hadi kidevu. Alikuwa mtoto kule Pweto ndui ilipoingia nyumbani kwao ikaondoka na mama yake, dada zake, na kichanga ambacho hakikuwa kimepewa jina. Walioza wakiwa hai, na yeye alilala kati yao. Kwa hiyo Bwana Firimbi alipomweleza kwamba mkwaruzo mmoja begani unaifungia ndui mlango, Kapya alilia hadharani, mtu mzima mwenye shingo ile. Alikuwa akijiuliza kwa nini hakuna mtu mwenye nguvu aliyefika Pweto siku zile kumkamata mama yake.

Basi akawa mtu huyo. Kulipopambazuka, polisi waliizunguka kambi ya wafanyakazi wa mgodi, firimbi zikalia, milango ikapigwa mateke. Watu walitolewa na kanga za kulalia, wengine na sabuni bado kichwani. Aliyeruka ua alikutana na fimbo upande wa pili. Wote walisukumwa hadi kwenye meza ya Adrien, infirmier, yaani muuguzi, kutoka Kasai, kijana mwembamba wa shati jeupe. Adrien alivunja kichupa chembamba cha kioo, akadondosha dawa begani, akakwaruza ngozi kwa kisindano, basi. Kazi ya kufumba na kufumbua, endapo bega litatulia. Na kutuliza bega ilikuwa kazi ya Kapya.

Alimjia mtu kwa nyuma. Goti mgongoni, kiwiko shingoni, mkono umekunjwa mpaka mwenyewe ahisi unang'oka. Walimng'ata. Walimtemea mate machoni. Mama mmoja alimpasua sikio kwa kopo la maji, na Kapya akaendelea kumshika huku damu ikimchuruzika ndani ya kola. Watoto aliwabana kati ya mapaja yake.

"Kapya, pole-pole," Adrien alimwambia. "Ule ni mutoto, hapana ngombe."

"Ndui haiko na pole-pole," Kapya akajibu.

Na kinachoniudhi katika habari hii ni kwamba hakukosea. Ndui haina upole. Waliochanjwa kweli hawakufa nayo, na wengi wao walichanjwa wakiwa wamebanwa na mapaja yale. Ukitaka kumchukia Kapya moja kwa moja utapata taabu, nami nimejaribu.

Sasa sikiliza siku ya Léonard. Huyu alikuwa mtoto wa Madeleine, jirani wa ukuta kwa ukuta na Kapya, mwana pekee aliyebaki kwa mama yake. Alikuwa mdogo, ndio kwanza anasema sentensi ndefu. Alipoona kisindano alijipinda kama samaki, na Kapya, badala ya kulegeza, akakaza. Mfupa ukalia. Kila mtu kwenye foleni aliusikia.

Madeleine alinyanyua kigoda cha Adrien akampiga nacho Kapya usoni, pua ikafumka damu, akamnyakua mwanawe na kukimbia. Polisi walimchapa fimbo mgongoni, nguo ikachanika, naye hakupunguza mwendo. Bwana Firimbi akapuliza. Foleni ikasogea. Mkono wa mtoto ulifungwa vijiti na mzee wa kuunga mifupa, ukaunga vibaya, na Léonard akakua nao umepinda. Katika ghasia ile hakuna aliyefikiri jambo moja dogo: dawa ilikuwa bado ndani ya kichupa. Mtoto alivunjwa mkono, na chanjo hakuipata.

Katika foleni ileile, nyuma kidogo, alikuwa amesimama Clotilde, mke wa Kapya, na binti yao Régine mgongoni. Aliona yote. Aliona pia uso wa mume wake wakati mfupa ulipolia, na uso huo haukubadilika. Akatoka kwenye foleni taratibu, akaenda nyumbani, akatia kichwa cha msumari ndani ya moto. Régine alipiga ukelele mmoja tu. Jeraha lilipopona, lilikuwa kovu la mviringo, begani, mahali hasa panapotakiwa alama ya chanjo. Siku za ukaguzi Adrien alilitupia jicho akapita. Nani angekagua kwa makini bega la mtoto wa Kapya?

Miaka ikaenda. Watoto wa kambi walikuwa na mchezo wao: mmoja anakuwa Kapya, wengine wanakimbia, na anayekamatwa hukunjwa mkono mpaka aseme "nimechanjwa". Régine aliucheza pia. Siku moja baba yake alitokea kwenye kona wakati mchezo umepamba moto, na watoto wote wakakimbia kwa kweli, Régine akiwa wa kwanza. Kapya alicheka sana siku hiyo. Alimpenda mtoto huyu kupita kiasi, alimletea karanga na vipande vya miwa, na Régine alivipokea kwa mikono miwili na kusogea kando. Njiani kwenda misa hakuwahi kumpa mkono. Kapya aliwaambia watu kwamba binti yake ana adabu.

Kisha ukaja ule mwaka wa vita vya wazungu, na ndui ikashuka kwenye treni pamoja na wafanyakazi wapya. Mwaka huohuo ndio uliokuwa na hofu ya mitumbula, watu waliosemekana kuiba wenzao gizani, kuwanenepesha kama nguruwe na kuwapeleka kwa wazungu wawale. Hofu mbili zikakutana zikaoana. Wakasema alama ya begani ni ya kuchagua nyama. Adrien alipigwa mawe njiani, jicho likafumba. Polisi wakajibu kwa fimbo, kisha kwa kuchoma nyumba za wagonjwa na vitanda vyao. Kambi ilinuka moshi na usaha.

Léonard aliugua kabla ya mvua za kwanza. Homa kwanza, halafu vipele, mpaka kope zikashikana. Madeleine alimficha chini ya magunia, akimziba mdomo kila firimbi ilipolia. Alipokufa, mkono wake uliopinda haukuweza kunyooshwa ubavuni, wakamzika hivyohivyo. Kapya alisikia kilio kupitia ukutani. Alikuwa anakula. Akaacha kula.

"Ule mutoto alichanjwa," akasema. "Nilimushika miye mwenyewe."

Clotilde alikuwa amesimama mlangoni. "Haukumuchanja, baba Régine. Ulimuvunja tu."

Kapya akakumbuka kichupa. Clotilde hakumwacha apumue.

"Na Régine alikuwa anamupelekea Léonard maji kila siku, kwa siri. Na Régine... Ile kovu yake iko ya musumari. Niliichoma miye."

Alimpiga. Kofi lilimtupa Clotilde juu ya masufuria, na majivu yakaruka chumba kizima. Akamwinamia, ngumi imeinuka, akiunguruma maneno yasiyoeleweka, na kichwani mwake hakukuwa na kitu isipokuwa kichanga cha Pweto kisicho na jina. Clotilde alimtazama kutoka chini, damu mdomoni, na hakujikinga.

"Njo hii," akasema, akiitazama ile ngumi. "Njo sababu ya hii mikono. Nilisema, bora achomwe na miye kuliko ashikwe na weye."

Ngumi ikabaki hewani. Kisha Kapya akauliza mtoto yuko wapi.

Alikuwa kwa Kabwe, kaka yake Clotilde, mwisho wa kambi. Kabwe alifanya kazi ya tanuru, alikuwa na mikono iliyoungua na kichwa kilichojaa mitumbula, na asubuhi hiyo alikuwa amemchukua Régine akaapa kwamba hakuna mzungu wala mbwa wa mzungu atakayemgusa. Kapya akaenda kumtoa Adrien nyumbani kwake kwa kola ya shati.

"Iko na dawa?"

"Inabakia kichupa moja," Adrien akasema. "Kama homa haiyaanza, inaweza kumuokoa. Kesho sijui. Leo."

Walipofika, wanaume walikuwa wamejaa mbele ya mlango wa Kabwe. Jiwe la kwanza lilimpata Adrien kwenye bega, akaanguka juu ya kisanduku chake akakikumbatia tumboni, na mateke yakamshukia mgongoni. Kapya akaingia katikati yao. Hapo hapakuwa na Kapya wa afya wala wa serikali, alikuwa Kapya wa machinjio. Mmoja alimrusha ukutani. Wa pili alimkunja mkono, na safari hii alisikia mfupa, na akasikia kwamba ameusikia. Kabwe akatoka na chuma cha kuchochea tanuru.

"Bukwe, rudia kwako!" Kabwe akamfokea shemeji yake.

"Bukwe, toka. Mutoto wangu atakufa."

"Atakufa ju yako!"

Chuma kikashuka begani kwa Kapya, mkono wa kushoto ukafa palepale. Kwa ule wa kulia akamshika Kabwe shingo, akampigiza kwenye mlango, mara moja na tena, mpaka mlango ukapasuka na wote wawili wakaanguka ndani. Kabwe alitema meno. Wanaume wa nje wakaona ile damu wakapoa. Adrien akaingia akitambaa, shati jeupe halistahili tena jina hilo, kisanduku bado mkononi.

Régine alikuwa kwenye kona, mgongo ukutani. Alikuwa ameshika mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, kwa mikono miwili.

Kapya akapiga magoti. Uso wake ulikuwa umelowa damu na machozi, mashimo ya ndui yake ya zamani yamejaa nyekundu. Akanyoosha mkono wake mzima.

"Kuya, mama yangu. Kuya nikushike, haitaumiza."

Mchi ukashuka. Ulimpata kwenye vidole, vikalia, na Kapya hakuurudisha mkono. Régine aliuinua tena mchi.

"Usinishike!"

"Lazima dawa, Régine. Léonard amekufa."

"Najua. Nilimuona." Akamtazama Adrien, akakitazama kisanduku. "Dawa nataka. Dawa siogopi. Baba atoke."

Adrien akainua kichwa. Kabwe pale chini akaacha kujifuta.

"Baba atoke njo nitatoa mukono," Régine akasema. "Akiingia, nitapiga tena."

Kapya alibaki amepiga magoti, akisubiri mtu aseme neno lingine. Miaka yote ile aliamini watu wanakikimbia kisindano. Aliwahurumia kwa ujinga wao, na kwa huruma hiyo akawavunja. Sasa mtoto wake mwenyewe alikuwa amekunja shati mpaka begani, kovu la msumari liko wazi, linang'aa, na mchi bado umeelekezwa kwake. Akasimama akatoka. Kabwe naye akajikokota akatoka, kwa sababu aliona aibu kubaki.

Wakakaa nje, shemeji wawili, mmoja upande huu wa mlango uliovunjika, mwingine upande ule, wakitiririka damu. Watu waliokuwa na mawe walisimama nayo mikononi, hawajui wayapeleke wapi. Ndani kichupa kikavunjwa, tik. Kapya akafumba macho na kungoja ukelele. Alikuwa ameusikia kwa kila bega la kambi hii, kwa wanaume wa tanuru na kwa wanyonyeshao. Alikaza misuli yote kuungoja.

"Mbona halii?" Kabwe akanong'ona.

Ukelele haukuja. Kulikuwa na sauti ya Adrien akisema "tayari", na ya Régine akiuliza kama inatosha.

Nikwambie mapema, asije mtu akanikaba: alipona. Bega lilivimba, homa ikaja ndogo ikaenda, na kovu la kweli likakaa jirani ya lile la uongo. Adrien aliuambia uongozi kwamba hataki tena mtu wa kushika, akawa anaanza kwa akina mama, mmoja mmoja, akiwakalisha wenyewe na watoto wao mapajani. Wengi bado walikimbia. Bwana Firimbi alipuliza mpaka akachoka. Kapya alirudi machinjioni, vidole viwili havikunji, na ng'ombe wakawa wanamsumbua.

Lakini mchana ule alikuwa bado amekaa mlangoni. Clotilde alikuwa amefika, mdomo umevimba, amesimama ng'ambo ya njia. Régine akatoka na shati limekunjwa, bega linang'aa kwa dawa. Akamwona mama yake. Mlango ulikuwa mwembamba, na ili atoke ilibidi apite kati ya wanaume wawili waliokaa. Akageuza ubavu, akajibana upande wa Kabwe, yule aliyetaka kumwacha afe, akapita.